Kusoma Kasi ya Ukuaji Katika Mfupa wa Tumbili na Sokwe Wachanga: Mwongozo kwa Wanafunzi wa Kanda ya Ziwa

Mfupa mrefu wa mnyama mchanga ukikatwa kwa upana na kusagwa hadi upitishe mwanga, huonyesha chini ya hadubini jambo moja kwa uaminifu kuliko mengine yote, nalo ni kasi ambayo kila sehemu yake ilijengwa. Umri hauonyeshi kwa uaminifu huo, ingawa umri ndio swali ambalo karibu kila mwanafunzi huanza nalo. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa tiba, wa mifugo na wa wanyamapori walioko Mwanza na miji mingine ya Kanda ya Ziwa, ambao wana hadubini ya kawaida ya maabara, hawana msumeno wa almasi, na wangependa kufahamu jinsi tumbili, nyani au sokwe anavyokua tangu kuzaliwa. Nitakaa zaidi kwenye kusoma kuliko kwenye kukata, kwa sababu mikono huzoea kukata upesi, ilhali jicho huhitaji muda mrefu zaidi kujifunza.

Eneo letu lina sababu zake za kujali jambo hili. Tumbili wako Kisiwani Saanane, hatua chache kutoka katikati ya jiji. Kisiwani Rubondo wapo sokwe waliotokana na wanyama 17 walioachiwa huko kati ya mwaka 1966 na 1969 wakitoka kwenye bustani na sarakasi za Ulaya, kizazi ambacho kimekua katika mazingira tofauti kabisa na ya wazazi wao wa kwanza. Upande wa Kenya wa ziwa hilihili, katika Kisiwa cha Rusinga, Mary Leakey alipata mwaka 1948 fuvu la Proconsul, mnyama wa jamii ya nyani aliyeishi takriban miaka milioni 18 iliyopita na ambaye sasa wataalamu humweka katika jenasi ya Ekembo. Anayeweza kusoma mfupa wa tumbili wa leo ana ufunguo wa kusoma visukuku vya namna hiyo.

Kibali na usalama

Mfupa wa mnyamapori si mali ya aliyeuokota. Chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Na. 5 ya mwaka 2009, mfupa huo ni nyara ya Serikali, na kukutwa nao bila kibali ni kosa hata kama nia ilikuwa elimu tupu. Utafiti hupitia TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori) na COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), na ukiwa ndani ya hifadhi ya taifa TANAPA, yaani Shirika la Hifadhi za Taifa, nao wanahusika. Kupeleka sampuli nje ya nchi kunahitaji pia vibali vya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya spishi zilizo hatarini, kwa kuwa jamii yote ya nyani imo katika orodha za mkataba huo. Zaidi ya sheria kuna afya: vimelea huhama kwa urahisi kati yetu na wanyama hawa walio karibu nasi kimaumbile, kwa hiyo mzoga mbichi usiguswe, bali aarifiwe ofisa wa wanyamapori au daktari wa mifugo.

Kwa hiyo mazoezi yote ya mwanzo yafanyike kwa mifupa ya buchani. Hili nalisisitiza kwa moyo wote, kwa sababu mfupa wa sokwe mchanga ni kitu adimu, na kila pete inayokatwa haitarudi tena. Mwanafunzi ambaye hajatengeneza vipande vizuri vya mbuzi na ng'ombe hana sababu ya kupewa mfupa wa paja wa sokwe.

Anza na kongoro

Nunua kongoro la ndama na mguu wa mbuzi mdogo, ukimwomba mwenye bucha akupe ule ambao haujababuliwa kuondoa manyoya, kwa maana moto hubadilisha rangi na mpangilio wa tabaka la nje, yaani mahali penyewe palipo na habari za siku za mwisho za mnyama. Toa nyama na mishipa kwa kisu butu ili usikwaruze uso wa mfupa. Loweka katika maji ya vuguvugu yenye sabuni ya unga, ukibadilisha maji kila siku hadi mafuta yaache kuelea juu. Usiuchemshe kwa moto mkali, na usitumie jiki: dawa hiyo hung'arisha mfupa kwa kula kolajeni, ile protini ya nyuzi inayoshikilia mfupa, na nyuzi za kolajeni ndizo utakazotaka kuzisoma baadaye.

Kabla ya kukata, pima urefu wa mfupa, upige picha pande zote nne, kisha chora kwa penseli mstari upande wa mbele na alama tofauti upande unaoelekea katikati ya mwili. Mfupa usiojulikana mbele yake ni upi hupoteza nusu ya maana, kwa sababu zitakazoonekana hapo chini. Baada ya hapo kata pete yenye unene wa milimita 3 au 4 katikati kabisa ya urefu, kwa msumeno wa chuma wenye meno madogo, ukidondoshea maji muda wote ili usiunguze. Pete iwe kamili, si kipande cha ukuta mmoja.

Kausha pete kwa kuilowesha kwenye spiriti na kisha asetoni ili mafuta yaliyobaki yatoke, uiache ikauke, halafu uimiminie gundi ya epoksi ya mirija miwili ndani ya kifuniko cha plastiki. Mimina polepole kutoka ukingoni, maana viputo vya hewa vinavyonaswa ndani ya uwazi wa uboho huja kung'oa kingo wakati wa kusaga. Iache mpaka kesho yake. Ikishagumu, saga uso mmoja kwa msasa wa maji uliolazwa juu ya kioo bapa, ukianza na namba 400, kisha 800, 1200 na kumalizia na 2000. Misasa hii hupatikana kwenye maduka ya rangi za magari. Uso ukishakuwa laini ubandike kwenye kioo cha hadubini kwa epoksi, kata sehemu kubwa ya mgongo wake, kisha endelea kusaga upande wa pili. Vaa barakoa kila mara na saga ukiwa na maji, kwa kuwa vumbi la mfupa na la epoksi ni baya kwa mapafu.

Unene unaotafutwa ni kati ya mikroni 80 na 100, yaani karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Bila kifaa cha kupimia, weka kioo juu ya gazeti: herufi za kawaida zikianza kusomeka kupitia mfupa wenyewe, umekaribia, na kuanzia hapo tumia msasa wa 2000 peke yake huku ukitazama kwenye hadubini baada ya kila mizunguko michache. Mikwaruzo iliyonyooka inayokatiza kila kitu bila kujali umbo la mfupa ni ya msasa, si ya mnyama. Dondoshea tone la gliserini, funika kwa kioo chembamba, na kipande kiko tayari.

Ili kuona nyuzi za kolajeni unahitaji mwanga uliochujwa kwa vichujio viwili vya polaroidi, kimoja chini ya kipande na kingine juu yake. Asiye na hadubini ya namna hiyo anaweza kuchukua karatasi ya mbele ya kioo cha kikokotoo kilichoharibika, kuikata vipande viwili, na kuvizungusha hadi mwanga wote uzimike. Njia hii ya bei ndogo hufanya kazi vizuri kuliko wengi wanavyodhani.

Mambo ya kutazama, na mpangilio wake

Anza na lenzi ndogo kabisa, ile ya 4, uone pete nzima kabla ya kuvutiwa na kitu chochote kidogo. Wengi hukimbilia lenzi ya 40, wakapata osteoni moja nzuri (miduara ya tabaka za mfupa inayozunguka mshipa wa damu), wakaiandikia ukurasa mzima bila kujua imetoka upande gani wa mfupa. Chora pete kwa mkono kwenye karatasi kubwa, ukiandika mbele, nyuma, ndani na nje ya mwili.

Jambo la kwanza la kuamua ni mwelekeo wa wakati. Sehemu iliyojengwa na utando wa nje wa mfupa huongezwa tabaka juu ya tabaka, kwa hiyo ndani yake kuna mfupa wa zamani na ukingoni kuna mfupa mpya. Upande unaopakana na uboho mambo ni kinyume, kwa kuwa tabaka linalogusa uboho ndilo la mwisho kuwekwa. Kati ya sehemu hizo mbili mara nyingi upo mstari wenye kingo za mawimbi madogo, mahali ambapo seli zinazobomoa mfupa zilikula ukuta kabla ya seli zinazojenga kuanza kazi upya. Mpaka huo usipotambuliwa, mtu atasoma historia ya mnyama kinyumenyume na bado kila kitu kitaonekana kuwa na mantiki.

Sasa zunguka pete yote. Katika mnyama anayekua, ukuta wa mfupa hauongezeki sawasawa kila upande: upande mmoja hujengwa kwa nje huku upande wa pili ukiliwa kwa nje na kujengwa kwa ndani, hivi kwamba mfupa wote huhama polepole ndani ya nyama ili kudumisha umbo na mpindo wake. Upande ambao mfupa unahamia ndiko kuna ukuta mnene wenye kumbukumbu ndefu ya utando wa nje. Upande ambao mfupa unauacha, kumbukumbu hiyo imeliwa. Kipimo cha kasi kichukuliwe upande wa kwanza, na hii ndiyo sababu ya kudai pete kamili na alama za penseli. Uso wa fuvu na taya nao hukua kwa mtindo huohuo wa kujenga na kubomoa, na ramani za sehemu zilizojengwa na zilizoliwa zimetumika kueleza jinsi nyuso za sokwe, binadamu na jamaa zao wa kale zinavyotofautiana tangu utotoni.

Baada ya kujua mahali na mwelekeo, uliza kasi. Mwaka 1947 Mwitaliano Rodolfo Amprino alieleza kanuni ambayo bado ndiyo msingi wa kazi hii: aina ya mfupa uliowekwa hutegemea, kwanza kabisa, haraka iliyokuwapo wakati wa kuuweka. Mfupa uliojengwa upesi una nyuzi za kolajeni zilizotupwa kila upande, kama mawe yaliyorundikwa na fundi mwashi anayekimbizana na mvua. Uliojengwa polepole una nyuzi zilizolala kwa tabaka sambamba, kila tabaka likiwa na unene wa mikroni chache tu. Chini ya vichujio viwili vya polaroidi tofauti hiyo haina utata. Mfupa wa haraka hubaki wa kijivu kila unapozungusha kioo, ilhali wa tabaka huwaka na kuzimika kwa zamu, na osteoni iliyokatwa kwa upana huonyesha msalaba mweusi uliotulia juu ya miduara ya mwanga. Mwanafunzi akiuona msalaba huo mara ya kwanza kwenye kongoro huelewa tabaka ni nini kuliko kwa mchoro wowote wa kitabuni.

Shahidi wa pili ni mishipa ya damu, ambayo kwenye kipande huonekana kama mashimo au mifereji. Mfupa unaokua kwa kasi huhitaji damu nyingi, kwa hiyo nafasi nyingi na pana huachwa kwanza, kisha hujazwa polepole na tabaka kutoka ukutani kwenda katikati, zikawa osteoni za awali. Hesabu mashimo katika eneo lenye ukubwa unaojulikana. Kama lenzi ya jicho imeandikwa 18 kuwa kipimo cha upana wa eneo, upana wa eneo unaloona ni milimita 4.5 kwa lenzi ya 4, milimita 1.8 kwa lenzi ya 10, na milimita 0.45 kwa lenzi ya 40. Wingi wa mishipa ni kiashiria kizuri. Mwelekeo wake peke yake usiutegemee, kwa kuwa haukubaliani na kasi kwa uhakika.

Shahidi wa tatu ni vijishimo vidogo vyeusi vilivyokuwa makazi ya seli za mfupa. Vikiwa vinono, vya mviringo, vingi na bila mpangilio, seli zilizikwa haraka katika kazi zao. Vikiwa vyembamba na vimelala kwa safu, kazi ilikwenda taratibu. Mashahidi hawa watatu wakikubaliana andika kwa uhakika. Wakipingana, andika kwamba wanapingana na uonyeshe mahali.

Kwa makadirio ya namba, mfupa wa tabaka kwa kawaida huwekwa kwa takriban mikroni 1 kwa siku au zaidi kidogo, ilhali ule wa nyuzi zisizo na mpangilio huweza kuongezeka kwa mikroni kadhaa hadi makumi ya mikroni kwa siku. Linganisha kongoro lako la ndama na kipande cha tumbili, kikipatikana kihalali. Ndama na mbuzi, wanaofikia ukubwa wao kwa muda mfupi, huonyesha safu za mishipa zilizopangwa mithili ya matofali karibu ukuta mzima. Mpangilio huo ni nadra kwa jamii ya nyani. Kwa tumbili mchanga utaona zaidi osteoni za awali zilizotapakaa ndani ya mfupa wa haraka katika sehemu iliyojengwa mapema, kisha, ukielekea nje, mishipa ikipungua na tabaka zikijipanga. Mahali mabadiliko hayo yanapotokea ndipo ukuaji ulipopungua, na jinsi yanavyotokea, ghafla au taratibu, ni habari kubwa kuliko umri wa jumla.

Habari hiyo ina uzito kwa sababu utoto mrefu ni sifa ya jamii hii. Sokwe huachishwa ziwa akiwa na miaka 4 au 5, na jike wa Gombe huzaa mara ya kwanza akiwa amepita miaka 10. Mwili unaokua kwa zaidi ya miaka 10 hauna sababu ya kujenga kila mfupa kwa pupa, isipokuwa katika vipindi fulani. Tena, mtoto anayening'inia tumboni kwa mama hutumia mikono na miguu tofauti na atakapoanza kutembea na kukwea mwenyewe, na mzigo mpya huo nao huongeza mfupa hapa na kuula pale. Ndiyo maana mfupa wa mkono wa juu na wa paja wa mnyama mmoja usomwe pamoja: badiliko linaloonekana katika yote miwili huelekea kuwa la mwili mzima, na linaloonekana katika mmoja tu huelekea kuwa la matumizi ya kiungo hicho. Ubavu usiufanye shahidi mkuu, kwa kuwa hukarabatiwa upesi mno.

Ukarabati unaofuta kumbukumbu

Ukiona osteoni iliyozungukwa na mstari mwembamba wenye kingo za mawimbi, inayokatiza tabaka za zamani bila kuziheshimu, hiyo si osteoni ya awali bali ya pili: seli zinazobomoa zilichimba handaki, kisha zinazojenga zikalijaza. Kwa binadamu kuchimba huchukua wiki chache na kujaza takriban miezi mitatu. Osteoni ya namna hii haisemi lolote juu ya kasi ya ukuaji wa mfupa. Inasema kwamba mahali hapo palikarabatiwa. Usiipime kama ukuaji. Mnyama anavyozeeka ndivyo osteoni hizi zinavyoongezeka, hadi sehemu kubwa ya ukuta ikawa vipande vya osteoni juu ya vipande vya osteoni, huku uwazi wa uboho nao ukipanuka na kumeza mfupa wa uchanga kutoka ndani.

Hapa ndipo thamani ya wanyama waliokufa wachanga inapoonekana. Mfupa wa tumbili mzima hauna tena habari za miezi yake ya kwanza, na hakuna lenzi itakayozirudisha. Njia pekee ni kupanga vipande vya wanyama wa umri tofauti, wa mdogo kabisa hadi anayekaribia utu uzima, na kuweka pete ya mdogo juu ya pete ya mkubwa kwa kipimo kilekile ili kuona ni sehemu gani ya historia imebaki kwa kila mmoja. Mkusanyiko wa mifupa ya sokwe wa Gombe, waliofuatiliwa tangu Jane Goodall alipoanza kazi huko mwaka 1960, una thamani isiyo na kifani kwa sababu wengi wao walijulikana kwa majina na kwa wakati wa kuzaliwa.

Kutafuta kalenda

Yako maswali ambayo bila tarehe hayajibiki, na tarehe hupatikana katika sehemu tatu.

Ya kwanza ni mistari ya kusimama kwa ukuaji, ile inayozunguka pete yote sambamba na ukingo. Kwa lemuri-panya wa Madagaska, ambaye mwili wake hufuata majira kwa nguvu, mistari hiyo imethibitishwa kuwa na mpangilio wa kila mwaka na imetumika kukadiria umri. Kwa tumbili na sokwe wa kwetu usiichukulie hivyo. Mstari unaweza kutokana na ugonjwa, njaa au kuachishwa ziwa, na usiozunguka pete nzima huenda ni mpaka wa ubomozi tu. Andika ulipo, usiuite mwaka. Najua kuna kishawishi cha kulinganisha mistari na masika na vuli za ziwani, lakini bila wanyama wenye tarehe zinazojulikana hiyo ni dhana tupu.

Ya pili ni dawa. Tetrasaiklini hujifunga na kalsiamu mahali mfupa unapojengwa siku hiyo, na baadaye hung'aa manjano chini ya mwanga wa urujuanimno. Watafiti hutumia pia kalsini, inayong'aa kijani, na alizarini, inayong'aa nyekundu, wakizitoa kwa siku zinazojulikana. Makaku wachanga wa maabara, jamaa wa nyani wanaotoka hasa Asia, walipimwa hivyo tangu miaka ya 1980. Lakini mtoto wa tumbili aliyeokolewa na kutibiwa kwa oksitetrasaiklini amebeba alama hiyo bila mtu kukusudia, na daftari la daktari wa mifugo lina tarehe yake. Kama mistari miwili imeachana kwa mikroni 28 na sindano zilitolewa kwa tofauti ya siku 14, ukuta ule ulikua kwa mikroni 2 kwa siku. Pima sehemu kadhaa za ukingo, si moja. Kipande cha kazi hii kisiguswe na asidi, kwa sababu kuondoa madini ni kuondoa alama. Kila anayesimamia kituo cha wanyama waliookolewa namsihi atunze madaftari hayo ya dawa hata baada ya mnyama kufa.

Ya tatu, na iliyo bora, ni jino. Enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, haikarabatiwi, na huongezeka kwa mistari midogo ya kila siku pamoja na mistari mikubwa zaidi iitwayo ya Retzius, ambayo kwa makaku huachana kwa takriban siku 4 na kwa binadamu kwa siku 6 hadi 12, mara nyingi 8 au 9. Jino lililoanza kuundwa kabla ya kuzaliwa hubeba mstari wa kuzaliwa, na kuanzia hapo siku huhesabika. Mwaka 1985 Timothy Bromage na Christopher Dean walihesabu mistari ya aina hii kwenye meno ya jamaa wachanga wa kale wa binadamu, wakaonyesha kwamba walikufa wakiwa wadogo kuliko ilivyodhaniwa kwa kipimo cha watoto wa leo, na kwamba kasi yao ya kukua ilifanana zaidi na ya sokwe. Meno ya Proconsul wa Rusinga nayo yalichunguzwa kwa njia hii, na matokeo yakachapishwa mwaka 1998. Mwaka 2009 Bromage na wenzake walipendekeza kwamba tabaka za mfupa nazo hufuata mdundo wa mistari ya Retzius ya mnyama husika. Ni wazo lenye mvuto mkubwa, lakini kwa mwanafunzi mwenye hadubini ya kawaida naona ni salama zaidi kusoma tarehe kwenye jino na kasi kwenye mfupa.

Mwisho wa mfupa, na mnyama aliyekua vibaya

Pete ya katikati huonyesha unene. Urefu huongezeka kwenye bamba la gegedu lililo karibu na kiungo. Kipande chake hukatwa kwa wima, baada ya madini kuondolewa kwa EDTA ya asilimia 10 kwa wiki kadhaa au kwa asidi ya fomiki kwa siku chache, kisha hukatwa mikroni 5 hadi 7 na kutiwa rangi ya hematoksilini na eosini. Kazi hii ni ya maabara ya patholojia, na hospitali ya rufaa yenye mashine ya kukatia ndiyo mahali pake. Tazama nguzo za seli za gegedu: nguzo ndefu zenye seli zilizovimba vizuri upande wa mfupa ni za mnyama aliyekuwa akirefuka kwa kasi, nguzo fupi zilizovurugika ni za aliyesimama.

Jambo hili lina matumizi ya moja kwa moja hapa kwetu, kwa sababu watoto wa tumbili bado hufugwa majumbani kinyume cha sheria, wakilishwa ugali na mabaki ya chakula na kufungiwa ndani. Nafaka ina kalsiamu kidogo na fosforasi nyingi, na asiyeota jua hukosa vitamini D. Kwenye kipande chake gegedu la ukuaji huwa pana na lenye vurugu, kingo za mfupa huwa na utepe mpana wa kolajeni usioshika madini, ukuta huwa mwembamba na wenye mashimo makubwa ya ubomozi. Mfupa kama huo usitumiwe kamwe kama mfano wa ukuaji wa kawaida. Hata mnyama wa bustani aliyelishwa vyema si mfano kamili wa wa porini, kwa kuwa mwili wake huongezeka haraka zaidi. Kwa hiyo swali la mnyama alikotoka na alichokula liulizwe kabla ya swali la alichoonyesha.

Kuandika matokeo

Taarifa nzuri ya kipande kimoja haizidi ukurasa. Itaje spishi, jinsia kama inajulikana, asili ya mnyama na namba ya kibali. Mfupa, upande, urefu wake na mahali pete ilipokatwa. Hatua ya meno na kama mabamba ya gegedu yalikuwa wazi. Kisha eleza kila robo ya pete, ukitenganisha unachokiona na unachokitafsiri. Usiandike kwamba tumbili alikuwa na miezi kadhaa kwa sababu ya mfupa. Andika, kwa mfano, kwamba robo ya mbele ina mfupa wa nyuzi zisizo na mpangilio wenye osteoni za awali nyingi katika theluthi mbili za ndani, ukifuatiwa na tabaka sambamba zenye mishipa michache, na kwamba hii inaonyesha kupungua kwa kasi ya kuongezeka unene kabla ya kifo. Ambatanisha mchoro wa pete na picha yenye kipimo cha mikroni, maana picha isiyo na kipimo haiwezi kulinganishwa na kazi ya mtu mwingine. Kipande cha epoksi kilichobaki, pamoja na sehemu ya mfupa ambayo haikukatwa, virudishwe kwa taasisi iliyotoa kibali vikiwa vimeandikwa namba ileile kwa penseli, kwa kuwa wino wa kalamu hufutwa na spiriti.